Mchoraji Ratgeb na uasi wa wakulima wa 1525: cha kweli, cha kubuni, na jinsi ya kuionyesha karakana

Swali: Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho katika shule ya sekondari. Pamoja na wanafunzi wangu tumeitazama filamu ya Ujerumani Mashariki ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Bernhard Stephan, ile ya mchoraji Jörg Ratgeb aliyevutwa ndani ya vita vya wakulima vya mwaka 1525 huko Ujerumani. Tunataka kutengeneza ya kwetu ya dakika 20, kwa Kiswahili, juu ya mtu huyohuyo. Naomba kujua: kipi katika maisha yake ni cha kweli? Kwa nini mchoraji wa makanisa aliingia upande wa wakulima? Na karakana yake tuionyesheje ili anayeijua kazi asitucheke? Fedha zetu ni kidogo.

Jibu: Mwalimu, anzeni na mke wa Ratgeb, msianze na brashi. Filamu za aina hii zina mtindo wake: msanii anakaa peke yake na mawazo yake makubwa, siku moja anamwona mkulima akichapwa viboko, moyo unamgeuka, anatupa rangi na kushika mkuki. Yaliyobaki kwenye hati za Ratgeb ni makavu kuliko hayo, na kwa mwandishi wa filamu ni matamu zaidi. Mke wake alikuwa mtwana wa Ulrich, mtawala wa Württemberg, nchi ya kusini mwa Ujerumani. Utwana huo haukuwa utumwa wa kupigwa mnada sokoni. Mtwana alikuwa na nyumba, alilima, alioa au kuolewa. Ila mwili wake ulihesabiwa kuwa wa bwana, na mtoto alifuata hali ya mama. Maana yake ni kwamba Ratgeb, mtu huru na fundi mkuu mwenye jina, kila alipopata mtoto alikuwa amemzalia Ulrich mtwana mwingine.

Karibu na mwaka 1510 alikuwa akifanya kazi Heilbronn, mji huru usio chini ya Ulrich. Akaomba uraia wa mji. Baraza likasita kwa sababu ya mke: hakuna mji uliotaka kesi na jirani mwenye jeshi juu ya watu anaowahesabu kuwa mali yake. Akaomba mke na watoto waachiwe huru. Hakupewa. Bila uraia, fundi hana ulinzi wa chama cha mafundi na hawezi kusimama sawa na wenzake mbele ya wateja. Anafungasha na kuhama.

Sasa wekeni hilo kando ya Ibara Kumi na Mbili, yale madai ya wakulima yaliyoandikwa Memmingen mwezi Machi 1525 na Sebastian Lotzer, fundi wa manyoya, akisaidiwa na mhubiri Christoph Schappeler. Ndani ya miezi michache yalichapwa upya mara ishirini na kitu katika miji mbalimbali. Ibara ya 3 inasema kwamba Kristo aliwakomboa wote kwa damu yake, mchunga mifugo sawa na mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ni haya watu kumilikiwa. Ibara ya 11 inaikataa kodi ya kifo: mume akifa, bwana anamtwaa mnyama bora zizini au vazi bora, mjane akiwa bado kwenye matanga. Mtu mwenye ndoa kama ya Ratgeb hahitaji kuonyeshwa kiboko ndipo aielewe karatasi hiyo. Mpeni aisome kwa sauti mezani, mke akimenya vitunguu, na asisemewe neno la ziada. Hilo ndilo tukio lenu la katikati, na halina gharama.

Yaliyo na uhakika kuhusu maisha yake yanaingia kwenye nusu ukurasa. Alizaliwa karibu na 1480, yumkini Schwäbisch Gmünd. Alichora kuta za monasteri ya Wakarmeli mjini Frankfurt, kazi kubwa mno, ambayo sehemu yake kubwa iliangamia kwa mabomu mwaka 1944. Kati ya 1519 na 1521 alichora altare (mbao kubwa za picha zinazosimama nyuma ya madhabahu) ya mji wa Herrenberg, ambayo sasa iko Stuttgart katika jumba la sanaa la Staatsgalerie. Mwaka 1525 alikuwa akiishi Stuttgart. Wakulima walipoukaribia mji mwezi Aprili, baraza la mji lilimtuma kwao kama mpatanishi. Huko wakulima wakamchagua awe mjumbe wa baraza la vita na kansela wao. Baada ya kushindwa alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1526 akauawa Pforzheim kwa adhabu ya kukatwa vipande vinne.

Ona mlango alioingilia. Hakutoroka usiku kwenda msituni. Alitumwa na mji wake. Na kuna kejeli ambayo mwandishi yeyote angelipia kuipata: miongoni mwa mashtaka dhidi yake lilikuwamo la kushirikiana na Ulrich yuleyule. Ulrich alikuwa amefukuzwa Württemberg mwaka 1519, nchi ikawa mikononi mwa Waaustria, na mwanzoni mwa 1525 alijaribu kuirudisha kwa askari wa kukodi kutoka Uswisi, akashindwa. Hivyo mtu alishtakiwa kuwa upande wa bwana aliyemmiliki mkewe. Filamu nyingi zingeliruka jambo hilo kwa kuwa linachanganya. Nyinyi lishikeni.

Kuhusu ile filamu ya 1978: ni kazi ya studio ya DEFA, na imetoka katika nchi iliyokuwa na sababu zake za kumpenda Ratgeb. Wanahistoria wa Ujerumani Mashariki waliyaita matukio ya 1517 hadi 1525 mapinduzi ya mapema ya kibepari, na mwaka 1975 walikuwa wametimiza miaka 450 ya vita hivyo. Muda si mrefu serikali hiyohiyo ikamwagiza Werner Tübke achore picha ya vita hivyo ya kuzunguka ukumbi mzima huko Bad Frankenhausen, kimo mita 14 na urefu mita 123, iliyofunguliwa Septemba 1989, wiki chache kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Kwa hiyo msanii anayezinduka na kuwafuata wakulima ni mhusika aliyetakiwa na zama zake. Hiyo haimaanishi filamu ni mbaya. Maana yake ni kwamba msiinukuu kama hati.

Jihadharini pia msimchanganye na Tilman Riemenschneider, mchongaji wa Würzburg. Huyo alikuwa mjumbe wa baraza la mji tangu 1504 na meya tangu 1520 hadi 1524. Mwaka 1525 mji ulisimama na wakulima dhidi ya askofu wake. Baadaye Riemenschneider alifungwa katika ngome ya Marienberg, akateswa, akatoka baada ya miezi kama miwili akiwa amepokonywa sehemu ya mali. Kisa kwamba walimvunja mikono ili asichonge tena kinapendwa sana, lakini hakina hati ya wakati wake. Kimekuja karne nyingi baadaye. Mwanafunzi wenu mmoja atakikuta na atakitaka. Mwambieni hapana. Vivyo hivyo na mchoraji Grünewald: katika orodha ya vitu alivyoacha alipokufa Halle mwaka 1528 yamo maelezo ya "ibara kumi na mbili", na watu hurukia kusema ni zile za Memmingen, wakati ibara za imani, yaani Kanuni ya Mitume, nazo huhesabiwa kumi na mbili.

Wenzake wengine walioguswa na moto huo ni wa uhakika. Januari 1525 baraza la Nürnberg liliwahoji vijana watatu wachoraji, Georg Pencz na ndugu wawili Sebald na Barthel Beham, kuhusu imani yao na utii wao kwa wakubwa wa mji. Majibu yao yaliwafukuzisha mjini, wakaruhusiwa kurudi baadaye mwaka huohuo.

Sasa karakana, ambako ndiko mtakakochekwa msipoangalia.

Kosa la kwanza ni kumweka fundi peke yake. Altare ilikuwa biashara ya watu wengi: seremala wa sanduku na mbao, mchongaji, mchoraji, fundi wa kupaka dhahabu, mhunzi wa bawaba. Karakana ya mchoraji ilikuwa na fundi mkuu, mafundi wa ujira mmoja au wawili, na mwanagenzi wa miaka kumi na mbili au kumi na nne ambaye kutwa nzima anasaga rangi na kukoroga gundi. Kosa la pili ni turubai juu ya kiegemeo cha miguu mitatu. Altare ya Herrenberg imechorwa juu ya mbao, kila ubao una kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu. Inaegemezwa ukutani, na fundi anapanda benchi. Kosa la tatu ni mirija ya rangi ya kuminya: hiyo ni ya karne ya 19. Rangi zao zilikaa kwenye makombe ya chaza na vyungu vidogo. Na kosa la nne ni mishumaa. Kwa kawaida fundi hakuchora usiku kwa mshumaa kwa sababu njano ya moto inamdanganya. Alifanya kazi mchana, kando ya dirisha, na jua likizama alifunga. Kwenu hilo ni neema, maana taa hamhitaji. Tafuteni chumba chenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Msitengeneze ubao wa mita mbili na nusu. Tengenezeni mmoja wa sentimita 60 kwa 90, mpige picha kwa karibu, na nyuma yake simamisheni mbao kubwa tupu zilizopakwa nyeupe, zinazosubiri zamu. Karakana iliyojaa mbao nyeupe inaonekana ina kazi kuliko ile yenye picha zilizokamilika. Plaiwudi ya milimita 12 yatosha mradi ukingo usionekane, maana tabaka zake zitawaumbua. Bandikeni ukingoni fito za mbao.

Utayarishaji wa ubao ndio kitu kizuri kuliko vyote kwenye kamera, na ndio watu huukosea. Gundi inatoka kwenye ngozi, ile ya seremala wa zamani. Kwa lita 1 ya maji chukueni gramu 70 za gundi kavu. Iloweke usiku kucha mpaka ivimbe kama ukwaju uliorowa, asubuhi ipasheni moto juu ya sufuria ya maji. Isichemke: ikichemka inapoteza nguvu, na tabaka zote mtakazopaka juu yake zitabanduka kama magamba. Mkiweza kuchovya kidole bila kuruka, joto linatosha. Pakeni ubao mkono mmoja wa gundi tupu, acheni ukauke. Bandikeni vipande vya kitani chakavu juu ya maungio. Kisha nyunyizeni unga wa chaki ndani ya gundi ya vuguvugu kidogokidogo, kama mtu anayetia sembe kwenye uji, mpaka chaki iache kuzama na kichuguu kianze kuonekana juu ya maji. Kwa lita 1 itakunywa karibu kilo moja na robo. Korogeni polepole, tena kwa brashi, si kwa kijiko. Mkikoroga kwa nguvu mnaingiza hewa, na kila kipovu kitaacha tundu la sindano ambalo halizibiki.

Pakeni tabaka 6 hadi 8, kila moja ikipishana mwelekeo na iliyotangulia. Isubirini ipoteze ung'aavu wa maji kabla ya kupaka nyingine. Kwa ubao wenu, lita moja na nusu ya mchanganyiko itamaliza kazi. Kamwe msiongeze gundi katikati ya safari: tabaka la juu likiwa na nguvu kuliko la chini, linapokauka linavuta na kulipasua lile la chini, na mtaona nyufa kama za tope la kiangazi. Katika joto la pwani gundi iliyobaki inaoza siku ya pili au ya tatu, ikitoa harufu ya mnyama aliyekufa, na ikioza haishiki. Pikeni ya siku hiyo tu. Mwishowe lainisheni kwa msasa mwembamba. Wao walitumia kisu cha kukwangulia. Uso uwe kama ganda la yai.

Dhahabu inatangulia rangi. Wengi huonyesha fundi akimalizia na dhahabu, nao wamegeuza kazi kichwa chini. Mahali pa dhahabu hupakwa udongo mwekundu laini uliochanganywa na gundi nyepesi, tabaka nne au zaidi, ukasuguliwa. Kisha unalowanishwa kwa maji, jani la dhahabu linaletwa kwenye ncha ya brashi pana, na linaruka lenyewe kuufuata unyevu. Fundi hubana pumzi hapo, si kwa kuigiza, bali kwa sababu pumzi ya mdomo inalipeperusha jani. Zimeni feni, fungeni mlango. Baada ya saa chache inasuguliwa kwa jiwe la akiki au jino la mbwa mpaka ing'ae kama chuma. Majani ya shaba ya bei rahisi yanafaa kwa mbali, mkiyabandika kwa gundi ya mafuta, lakini hayavumilii kusuguliwa, yanachanika. Nunueni majani matatu tu ya dhahabu halisi kwa ajili ya picha ya karibu ya kusugua, mengine yawe ya shaba. Wekundu ule ukichungulia kwenye nyufa ndogo za dhahabu, msiuzibe. Ndio unaoipa dhahabu joto.

Rangi zenyewe: nyeupe ilitokana na madini ya risasi, nyekundu kali ni zinjifuri, yaani zebaki na salfa, kijani ni kutu ya shaba, njano ya bei nafuu ni udongo, nyeusi ni mifupa iliyochomwa. Tatu za kwanza ni sumu na msizilete shuleni. Chukueni nyeupe ya kisasa ya titani, lakini itieni tone la udongo wa njano, kwa sababu titani ina ubaridi wa samawati ambao kamera inauona haraka kuliko jicho, na rangi hiyo ilianza kutumika karne ya 20. Samawati yao ilikuwa ya jiwe la shaba liitwalo azuraiti, na hapo kuna kitu cha kumfundisha mwigizaji wa mwanagenzi: rangi nyingi ukizisaga zaidi zinakuwa bora, hii ukiisaga mno inapauka na kuwa ya kijivu. Fundi mkuu anayemnyang'anya mtoto jiwe la kusagia na kusema "Basi, basi, umeiua!" anaonyesha ujuzi wa miaka ishirini kwa maneno matatu. Rangi inasagwa juu ya bamba la jiwe kwa mafuta ya kitani au ya jozi, mkono ukizunguka kwa umbo la nane, si kutwanga. Kila tabaka la mafuta linataka siku kadhaa kukauka, hivyo hakuna fundi anayemaliza uso wa Kristo kwa usiku mmoja wa jazba.

Mchoro upi mnakili? Chukueni Karamu ya Mwisho ya Herrenberg. Ratgeb si mchoraji wa watakatifu waliopigwa pasi. Watu wake wamejipinda, sura zimekunjamana, na mezani yumo mtume anayepenga kamasi kwa vidole wakati karamu ikiendelea. Kipande hicho peke yake, sentimita 60 kwa 90, kinawaeleza watazamaji kwa nini mtu huyu aliwaona wakulima kabla hawajabisha hodi kwake. Kwa upande wangu ni hoja yenye nguvu kuliko hotuba yoyote mtakayomwandikia.

Kuhusu bendera. Kila mwandishi wa kisa hiki anataka tukio la kiongozi wa wakulima kuja usiku kumwomba mchoraji amchoree bendera ya kiatu cha kufunga kwa kamba, alama ya mkulima mbele ya kabaila mwenye buti la spuri, kile chuma cha kumchoma farasi. Tukio hilo lina mzizi. Joß Fritz, aliyepanga njama za wakulima za 1502, 1513 na 1517, mwaka 1513 alihangaika kupata mchoraji. Mmoja aliyekuwa akichora kanisa la Lehen, karibu na Freiburg, aliogopa na kukataa. Fritz akaipata bendera yake Heilbronn, kwa kumdanganya fundi kwamba yeye ni mtoto wa fundi viatu mwenye nadhiri ya kuitimiza. Heilbronn! Ndiyo maana wengi wamemweka Ratgeb hapo. Hakuna hati inayolitaja jina lake. Mkiliweka tukio, lichezeni kama uongo wa mteja na mashaka ya fundi, ambaye anajua anadanganywa na anataka fedha. Litakuwa na uzito kuliko viapo. Juu ya bendera kulikuwa na Kristo msalabani, kiatu, na mkulima aliyepiga magoti. Hariri isipakwe mafuta moja kwa moja: mafuta yanatambaa na kuacha duara chafu kuzunguka mchoro. Ipakeni kwanza gundi ileile, nyembamba kwa nusu, na rangi iwe nyepesi, la sivyo bendera ikikunjwa mara ya pili mchoro unapasuka.

Mkitaka tukio moja la nje linaloeleza chanzo cha hasira, msitafute vita. Tumieni la Beutelsbach, kijiji cha Württemberg, Mei 1514. Ulrich, akiwa na madeni, alipunguza mawe ya mizani ya nyama, divai na nafaka huku bei ikibaki palepale. Mkulima Peter Gaiß alichukua mawe hayo mapya, akaenda nayo mto Rems, akatangaza kwamba wakulima wakiwa na haki yatazama, na mtawala akiwa na haki yataelea. Yakazama. Mnahitaji mto, watu kumi na wawili, mizani na mawe. Ni mzaha wa watu waliokwishakata shauri, na uchezwe kama mzaha, watu wakicheka.

Vita vyenyewe viacheni nje ya fremu. Böblingen, tarehe 12 Mei 1525, wakulima wapatao elfu kumi na tano walivunjwa na jeshi la Georg Truchsess von Waldburg kwa muda mfupi, na maelfu waliuawa wakikimbia. Hamtaweza kulionyesha hilo kwa watu thelathini. Siku chache kabla, jeshi la wakulima lilikuwa limeuteka Herrenberg, mji wenye altare ya Ratgeb kanisani. Mwonyesheni kansela wao mezani akiandika barua, na jina la mji huo likimjia kwenye orodha.

Kansela ni karani mkuu, si jemadari. Alikuwa na karatasi, manyoya ya bata bukini, wino na nta ya muhuri. Aliandika barua za kuitaka miji ijiunge, hati za kupita salama, madai ya mkate na divai, majibu kwa wakubwa. Wakulima hawakuwa kundi la vurugu kama zinavyopenda filamu: walijigawa katika vikosi, wakachagua makapteni, wakakutana kwenye duara na kuamua kwa sauti. Kiongozi wa Württemberg, Matern Feuerbacher, alikuwa mwenye nyumba ya wageni, mtu wa mapatano aliyetaka mazungumzo kuliko damu. Upande mwingine alikuwapo Jäcklein Rohrbach, ambaye watu wake tarehe 16 Aprili, siku ya Pasaka, walimpitisha kabaila Ludwig von Helfenstein kati ya mikuki mpaka akafa huko Weinsberg. Rohrbach naye akafungwa mnyororo kwenye mti na kuchomwa taratibu. Ratgeb aliwakuta watu hawa wawili katika uasi mmoja. Kama mna nafasi ya mabishano, yawe hayo.

Silaha: miti ya kupuria nafaka, mundu mrefu ulionyooshwa na mhunzi ukawa mkuki, uma za nyasi, na pia bunduki za utambi, kwani wengi walikuwa wamewahi kuwa askari wa kukodi. Vifaa vya nyumbani mchoraji Albrecht Dürer amewaandikia tayari. Katika kitabu chake cha upimaji cha mwaka huohuo wa 1525 alichora nguzo ya ukumbusho: chini ng'ombe, kondoo na nguruwe, kisha kikapu cha jibini, siagi, mayai na vitunguu, sanduku la nafaka, chungu kilichopinduliwa, mtungi wa maziwa, mganda uliofungwa pamoja na jembe na uma, tundu la kuku, na juu kabisa mkulima ameketi ameshika tama, upanga umezama mgongoni. Wataalamu hawajapatana kama ni dhihaka au ni maombolezo. Kwa mtunza vifaa wenu ni orodha ya manunuzi.

Jambo moja la kuwaonya vijana. Watasikia kwamba mhubiri Thomas Müntzer aliwaahidi wakulima wa Frankenhausen kuzidaka risasi kwa mikono ya joho lake, na mara moja watamkumbuka Kinjikitile na maji ya 1905, na Wajerumani wako pande zote mbili za kisa. Mshawasha ni mkubwa. Lakini taarifa ya joho imeandikwa na adui wa Müntzer baada ya kumshinda, na Frankenhausen ni Thuringia, mbali na Ratgeb. Isiingie.

Mauaji ya Pforzheim msiyaonyeshe. Hamna fedha za kuyafanya vizuri, na yakifanywa vibaya watu watacheka mahali pabaya. Karani anayesoma hukumu kwa sauti ya kuchoka, na mke akisimama mlangoni na watoto ambao bado ni mali ya mtu, yatosha.

Kwa ratiba: anzeni kupaka chaki wiki tatu kabla ya kupiga picha, tengenezeni mbao mbili zinazofanana, na pigeni picha za utayarishaji kadiri mnavyoendelea, kwa maana ubao ukishakamilika hamwezi kuurudisha uwe mweupe. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani msivirundike pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo lililokunjwa huweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti. Vilowekeni ndani ya ndoo ya maji au vitandazeni kimoja kimoja kwenye kamba, nje.